MTU NA KALAMU YAKE

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa mwaka)



Kamati imenipa heshima ya kusema nanyi juu ya uhuru na wajibu wa mtu mmoja mmoja, mara baada ya Bwana Mweka Hazina kutusomea hesabu za mwaka. Nilipoipokea kazi hii nilitia nia nisiseme juu ya uhuru kama asemavyo mhubiri, wala kama asemavyo mwanasiasa, maana hao wawili mnawasikia kila siku bila ya kulipa ada. Nitasema juu ya jambo dogo litokealo katika maofisi, maghala na maduka ambamo wengi wetu twapata riziki, nalo ni jambo la kutia sahihi.

Wazee walio mbele yangu walisimuliwa na baba zao habari za kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikashikwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyetimia miaka kumi na sita alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi iliyotiwa ndani ya kijaluba cha bati, akaivaa shingoni. Katika karatasi hiyo iliandikwa kazi yake na mshahara wake, na mwenye kuandika alikuwa ni tajiri wake. Mtu hakuweza kuacha kazi akaenda kuandikwa pengine ila kwanza yule tajiri ametia sahihi ya kumwachilia, na akienda bila ya sahihi hiyo alihesabiwa kuwa mtoro, akashtakiwa. Mwezi wa Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa Nairobi kwa kuyapinga mambo haya na kodi na kazi za lazima. Watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai wakapigwa risasi, wengine wakafa, naye akapelekwa uhamishoni Kismayu.

Sikuyataja hayo ili kuamsha uchungu. Nimeyataja kwa kuwa kipande kilieleza maana ya uhuru kwa uwazi kuliko kamusi yo yote. Asiye huru ni yule ambaye kalamu ya maisha yake imo mkononi mwa mwingine. Hawezi kusema: sitaki, naondoka. Tangu tarehe 12 Desemba 1963 kalamu hiyo imo mikononi mwetu wenyewe, na neno ninalotaka kuuliza ni hili: mkono wetu unaandika nini?

Nimefanya kazi ya ghala kwa miaka mingi, na kwa hiyo mfano wangu ni wa ghala. Lori laingia na magunia mia moja. Hati iliyokuja nalo yasema magunia mia na ishirini. Karani ahesabu mara ya kwanza, ahesabu mara ya pili, kisha asikia sauti ya upole nyuma yake: “Tia sahihi tu, mkubwa amekwisha kubali.” Hapana askari wala bunduki. Pana kalamu, karatasi, na mtu mmoja mwenye watoto wanaosoma. Magunia yale ishirini yatatafutwa mwezi wa sita, wakati wa njaa, na hayatapatikana. Lakini siku ile ya lori njaa i mbali, na mkubwa yu karibu.

Nimesikia udhuru mwingi unaotolewa na watu waliotia sahihi. Wengine husema mshahara hautoshi, na hao siwajibu leo, maana ni kweli mara nyingi hautoshi. Udhuru ninaotaka kuupima ni ule unaovaa nguo za hekima ya wazee. Husemwa: mjumbe hauawi. Ati karani ni mjumbe tu, ametumwa, na dhambi ni ya aliyemtuma. Lakini wazee walipoisema methali hiyo walimkusudia mtu aliyebeba maneno ya watu wengine, na maneno hayo akayasema kuwa ni yao. Hawakumkusudia mtu anayeandika kwa jina lake mwenyewe kwamba ameona kwa macho yake magunia mia na ishirini. Huyo si mjumbe. Huyo ni shahidi, na shahidi wa uongo hakupata hata siku moja kutetewa barazani kwa kusema kwamba alitumwa.

Methali ya pili ni kifo cha wengi harusi. Maneno haya hutuliza moyo penye msiba, nami nayapenda penye msiba. Penye makosa hayafai kitu. Wakitia sahihi watu watano, kosa haligawanyiki mafungu matano kama nyama. Kila mmoja huondoka na zima lake. Ndivyo nionavyo mimi, na najua wako hapa wasiokubaliana nami, kwa sababu sisi tumelelewa kuwa mtu ni watu. Ni kweli, mtu ni watu. Lakini watu hawana mkono mmoja wa pamoja wa kushika kalamu.

Sasa nitataja mtu wa kweli ambaye habari zake zimeandikwa sana. Mwaka 1993 palikuwa na karani kijana katika Benki Kuu ya Kenya, Nairobi, jina lake David Munyakei. Mikononi mwake zilipita karatasi za malipo ya wale waliodai kuwa wamepeleka mali nchi za nje. Kampuni ya Goldenberg ililipwa na serikali shilingi 35 kwa kila mia ya thamani ya dhahabu na almasi iliyosema imeuza ng’ambo, ingawa nchi yetu haina machimbo ya almasi, na dhahabu yake ni haba. Munyakei aliona kuwa karatasi zile si za haki, akazitoa, zikawafikia Wabunge wa upinzani, na nchi nzima ikapata habari. Alikamatwa akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali. Kesi iliisha bila yeye kupatikana na hatia, lakini kazi aliipoteza, wala hakurudishiwa. Akaenda kuishi Mombasa, baadaye akarudi upande wa Narok. Mwaka 2003 serikali iliunda Tume ya Jaji Bosire ichunguze mambo yale, na mwaka 2004 Munyakei akapewa tuzo ya uadilifu na shirika la Transparency International. Mwaka 2006 akafariki, akiwa maskini.

Watu wakimtaja hutaja ushujaa wake. Mimi, kwa kuwa nasema katika chama cha kusaidiana, natazama zaidi miaka ile kati ya 1993 na 2004. Faida ya tendo lake iliingia katika nyumba za watu wote wanaolipa kodi. Gharama yake ililipwa na nyumba moja. Tuzo ni kitu chema, lakini tuzo haichemshwi ikaliwa, na tena ilikuja baada ya miaka kumi na moja.

Itasemwa kuwa siku hizi sheria zipo. Zipo kweli. Sheria ya mwaka 2003 ya kupinga rushwa ina kifungu cha kuwalinda watoao habari, na Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yakataza mtu kufukuzwa kwa sababu ya kutoa malalamiko yenye msingi juu ya mwajiri wake. Nazishukuru. Lakini kesi huenda kwa mwendo wake, na karo ya shule yadaiwa Januari.

Basi nageukia chama chetu. Mwanachama akifiwa twanunua sanda au jeneza, na gari la kumpeleka maiti kwao twalilipia. Akiugua twamchangia. Nyumba yake ikiungua twampa mabati. Katika kanuni zetu hapana hata mstari mmoja unaomhusu mwanachama aliyepoteza kazi kwa sababu alikataa kutia sahihi ya uongo. Na hapa niruhusuni kusema neno chungu kidogo. Mara ngapi tumepitisha kofia ili kumtolea dhamana mtu wetu aliyeshikwa na mali ya umma, tukasema potelea mbali, ni damu yetu? Na yule karani aliyekataa kushirikiana naye, ambaye naye ni damu yetu, alirudi nyumbani kwa miguu, na watu wakamwita mjinga. Vijana wanatutazama, Bwana Mwenyekiti. Hawasikilizi sana hotuba zetu. Wanaangalia kofia inapitishwa kwa ajili ya nani.

Nilipoyazungumza haya na baadhi ya wazee, mmoja aliniambia kuwa hiki ni chama cha ustawi, na mambo hayo ni ya siasa. Nakumbuka habari ya Nyanza. Mwaka 1921 paliundwa Young Kavirondo Association kudai haki juu ya kodi na kipande na ardhi. Mwaka 1923, chini ya Padre Owen wa misheni ya C.M.S., ikageuzwa kuwa Kavirondo Taxpayers’ Welfare Association, na wanachama wakaahidi kuua panya, kupanda miti na kuchimba vyoo. Sivicheki vyoo wala miti, maana vimeokoa watu. Nasema tu kwamba mpaka ule kati ya ustawi na haki haukuwekwa na wazee wetu, na sioni sababu ya sisi kuulinda.

Mzee mwingine aliuliza swali gumu zaidi. Kila afukuzwaye kazi, hata kwa ulevi, atadai kuwa alikuwa mtu wa haki, tutamjuaje mkweli? Nakiri kuwa si kila anayegombana na mkubwa wake ana haki. Wengine ni wagomvi tu. Lakini mgonjwa pia twamdai cheti cha daktari, wala hatukufuta msaada wa wagonjwa kwa kuogopa wanaojigonjesha. Wachaguliwe wazee watatu wenye kutunza siri, waone barua na hati, wamsikilize mwenyewe na mtu mmoja aliyefanya naye kazi, kisha waamue.

Wala nisieleweke kuwa nataka chama kimwamrishe mtu awe shujaa. Hilo haliwezekani, tena si haki. Mwenye watoto sita na mama mgonjwa anaujua mzigo wake, na lile neno “sitaki” likitolewa kwa amri ya chama si lake tena. Liwe lake. Sisi tupunguze bei yake tu.

Pendekezo langu nimeliandika na kumkabidhi Bwana Katibu. Lasema kuwa mwanachama wa namna hii apewe posho ya nyumba yake kwa miezi mitatu, na karo ya muhula mmoja kwa watoto wake, na kwamba fedha za chama zisitumike kumtolea dhamana mtu aliyeshtakiwa kwa wizi wa mali ya umma. Jamaa zake wakitaka, wachange mifukoni mwao. Litaongeza ada ya kila mmoja wetu kwa shilingi hamsini kwa mwezi. Naomba lijadiliwe leo kabla ya ada mpya kupitishwa, na kura zipigwe kwa karatasi, si kwa kuinua mikono.