Tela ya kulala sokoni: tuchore kwanza, tuunge chuma baadaye

Ndugu wanachama, nanyi wafadhili wetu,

Bamama wetu wanalala chini sokoni Baraka wakilinda unga wa muhogo. Ndiyo maana tunapanga remoki ndogo yenye paa, ile mliita tela kule Tanzania, ya kuvutwa na pikipiki: mbele kitanda, nyuma jiko.

Tuseme ukweli: sisi bado wanafunzi. Ile ya kwanza tulikimbilia kuunga chuma. Mzigo wote ulikaa nyuma ya magurudumu, ikayumba, ikapinduka njiani. Mtu hakuumia, lakini unga wa mama mmoja ulimwagika wote.

Safari hii tunapima uzito kwanza. Karibu sehemu 1 kwa 10 ilalie mbele, pale inapofungwa. Madirisha 2. Makala hayawashwi ndani hata mvua ikinyesha: hewa yake inaua bila harufu.

Franka yenu haitatoka mpaka bamama wenyewe wakubali mchoro.