Marupurupu ya mazingira magumu: tunalipia nini hasa?

1/ Wadau, haya ndiyo niliyosema kwenye mjadala wetu wa wanafunzi hapa Lodwar. Nimeyakata vipande yasomeke kwa simu. Sitaji chama wala mwanasiasa.

2/ Bajeti ikijadiliwa, hamkosi wa kusema: "Marupurupu ya mazingira magumu yanamaliza pesa za umma." Mwingine anajibu: "Yaondoe uone kama mwalimu atabaki Kakuma." Wote wana hoja.

3/ Gharama ipo. Mwaka 2025 serikali ilisema ikipanga upya maeneo yanayolipwa, itaokoa karibu shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Vyama vya walimu vikapinga.

4/ Lakini Nairobi nayo inalipiwa mahali! Watumishi wawili wa gredi moja, wa Nairobi hupata marupurupu makubwa ya nyumba kuliko wa Lodwar, kwa sababu kodi ya huko iko juu. Hayo mbona hatuyaiti mzigo?

5/ Huku kwetu gharama ni ya aina nyingine. Mboga na mahindi mengi hupanda lori kutoka Kitale. Maji ni shida, joto ndio hilo mnalijua.

6/ Sasa kasoro. Turkana yote iko kundi moja. Lodwar kuna benki, uwanja wa ndege na hospitali ya rufaa ya kaunti. Nenda Kakuma, kama kilomita 120, kisha uache lami uingie vijijini. Mwalimu wa huko na wa Lodwar mjini, wakiwa gredi moja, hulipwa sawa. Nani atakubali kwenda ndani?

7/ Tena kwa walimu kiasi hufuata gredi: kuanzia 6,600 hadi 38,100 kwa mwezi. Jua ni lilelile, lakini anayeanza kazi ndiye anapata kidogo. Na mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule? Hayumo kabisa kwenye hesabu hiyo.

8/ Kwa hivyo mimi sisemi yafutwe. Nasema yapimwe kwa umbali wa maji, barabara na hospitali, si kwa jina la kaunti. Na pengo kati ya gredi lipunguzwe.

9/ Mgombea akiwaambia "tutapunguza" ama "tutaongeza," muulizeni: kwa nani, na yuko kilomita ngapi kutoka lami? Mwalimu akihama, mtoto wa kijijini hana pa kuhamia.