MUISLAMU NA SOKO LA HISA: TUJIFUNZE KABLA YA KUTOA FEDHA

(Mada iliyotolewa msikitini Namawala, Kilombero, baada ya swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Masahaba wake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baad.



Tumeombwa kuzungumza juu ya hisa baada ya kutokea jambo ambalo wengi wenu mnalijua. Baadhi ya vijana wetu waliuza mpunga wa msimu mzima, na mwingine ulikuwa mpunga wa mama yake, wakampelekea fedha kwa simu mtu wasiyemjua sura aliyejiita mwalimu wa soko la hisa la nje. Wiki tatu simu iliwaonesha kuwa fedha zinaongezeka. Wiki ya nne walipotaka kuzitoa, wakatakiwa walipe kwanza ada ya kuzifungulia. Wakalipa, na namba ile haikupatikana tena. Tangu siku hiyo barazani zimetolewa hukumu mbili. Wa kwanza anasema hisa zote ni kamari, na wa pili anasema hisa ni biashara kama biashara nyingine, ajali tu imetokea. Tuliwauliza wote wawili hisa ni kitu gani, na hakuna aliyejibu.

Wala msiba huu si mgeni nchini. Mnaikumbuka DECI, iliyokusanya fedha za Watanzania kuanzia 2007 kwa lugha ya kupanda na kuvuna mbegu, hadi ilipozuiwa 2009, na viongozi wake wakatiwa hatiani mahakamani 2013. Hapakuwa na shamba wala kiwanda. Aliyetangulia alilipwa kwa fedha za aliyemfuata, mpaka wafuasi walipokwisha.

Basi hisa ni nini? Hisa ni fungu la umiliki katika kampuni. Mkichanga watu kumi mkanunua mashine ya kukoboa mpunga, kila mmoja ana fungu moja katika kumi la mashine, la faida yake, na la hasara yake ikiungua. Mafaqihi wetu waliandika milango mirefu juu ya ushirika na mudharaba karne nyingi kabla ya soko la hisa, na asili ya jambo ni hiyo hiyo. Lililoongezeka ni kwamba washirika wamekuwa maelfu, na fungu linaweza kuuzwa kwa mwingine bila ya kampuni kuvunjwa. Faida inayogawiwa wanahisa huitwa gawio. Kampuni isipopata faida, au ikiamua kuitumia kujitanua, hakuna gawio. Kwa hiyo anayekuahidi faida maalumu kila wiki hakuuzii hisa, hata kama neno hilo ameliandika kwa herufi kubwa.

Nchini mwetu uuzaji huo hufanyika katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza kazi Aprili 1998 kwa hisa za kampuni moja tu, TOL, watengenezaji wa gesi za viwandani. Msimamizi ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyotokana na sheria ya 1994, nayo ndiyo inayotoa leseni kwa madalali wa hisa. Mnunuzi hufunguliwa akaunti ya kutunzia hisa kwa jina lake mwenyewe, kupitia dalali huyo au kwa simu kupitia programu ya soko lenyewe iitwayo Hisa Kiganjani. Jina la dalali lisipokuwemo katika orodha ya Mamlaka, mazungumzo yaishie hapo.

Kuna aliyetuuliza kuhusu kiwanda cha sukari cha Kilombero, kwa kuwa kipo karibu nasi na wakulima wengi wanakiuzia miwa. Kampuni ile haiuzi hisa sokoni; sehemu kubwa ni ya Illovo na sehemu ni ya Serikali. Atakayekuja kukuuzia hisa za sukari kwa mkono, mfukuze.

Sasa tuingie katika hukumu. Aya ya 275 ya Suratul Baqara imetenganisha biashara na riba, na mlango wa hisa hupita baina ya mawili hayo. Kampuni ambayo kazi yake ni haramu haina mjadala. Kampuni ya bia na kampuni ya sigara zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuingia katika soko letu, hizo tumezivuka. Mabenki ya riba nayo ni hivyo hivyo. Hapa vijana hutuambia: "Ustadhi, hisa za NMB ziliuzwa shilingi 600 mwaka 2008, na 2024 bei ilivuka 5,000!" Ni kweli. Lakini ukubwa wa faida haukuwahi kuwa dalili ya uhalali, na tunakiri kwamba baada ya kuziondoa bia, sigara na benki, orodha ya soko letu hubakia fupi mno. Zinabaki kama saruji ya Tanga iliyoingia 2002, saruji ya Twiga iliyoingia 2006, gesi za TOL, huduma za uwanja wa ndege za Swissport, na chache nyingine.

Nazo hizi zina shaka yake. Kampuni inachoma saruji, kazi halali, lakini imekopa benki kwa riba, au imeweka fedha zake mahali zinapozaa riba. Je, Muislamu amiliki fungu humo? Wanazuoni wamekhitalifiana. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha saba mjini Jeddah mwaka 1992, lilisema kuwa asili ni haramu kushiriki katika kampuni inayoingia wakati mwingine katika riba, hata kama kazi yake ya msingi ni halali. AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, imeruhusu kwa masharti: mikopo ya riba isifike asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, amana za riba vilevile, na mapato ya haramu yasizidi asilimia 5 ya mapato yote, kisha mwanahisa aitoe sehemu hiyo chafu. Sisi moyo wetu unaelekea kwenye kauli ya Jeddah. Hata hivyo, aliyefuata kauli ya pili kwa masharti yake hatumwiti mla riba, maana nyuma yake wapo wanazuoni. Tunayemlaumu ni yule anayeshika ruhusa na kuyaacha masharti.

Na masharti hayo hayapimwi kwa macho. Lazima ufungue hesabu za mwaka zilizokaguliwa, ambazo kampuni zilizoko sokoni hulazimika kuzitangaza. Tuseme kampuni ina hisa milioni 10, faida ya mwaka ni shilingi bilioni 2, na ndani ya mapato yake mna riba ya shilingi milioni 30. Faida kwa kila hisa ni shilingi 200. Ikiwa hisa moja inauzwa 2,000, unanunua faida ya mwaka mmoja mara kumi. Ikiuzwa 6,000 ni mara thelathini, na hapo uulize kwa nini watu wanalipa hivyo. Riba ni shilingi 3 kwa kila hisa, basi mwenye hisa 100 atoe shilingi 300 kwa masikini, naye asitaraji thawabu ya sadaka, kwani anajisafisha tu. Hesabu hii mtoto wa darasa la saba anaiweza.

Mwenye kuangalia kazi ya kampuni, deni lake, uongozi wake na soko la bidhaa yake anafanya lile lile mnalolifanya ninyi. Mfanyabiashara anayenunua mpunga wakati wa mavuno na kuuweka ghalani ameshauliza mvua ilinyesha vipi, mafuriko yalifika wapi, na mchele wa nje umeruhusiwa au la. Naye hukosea pia. Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850. Watu walidhani kampuni kubwa ya simu haiwezi kushuka, na miaka iliyofuata bei sokoni iliteremka chini ya hapo. Aliyeweka fedha za ada ya shule aliumia. Aliyeweka ziada yake alisubiri.

Ipo elimu ya pili, ya kusoma michoro ya bei, ile mistari ambayo vijana huiita mishumaa. Mwenye elimu hii haulizi kampuni inatengeneza nini. Hutazama bei ya jana na juzi akakisia ya kesho. Hatusemi ni haramu kuitazama. Tunasema kwamba inategemea soko lenye wauzaji na wanunuzi wengi kila saa, ilhali katika soko letu zipo hisa zinazokaa siku nyingi bila ya hata moja kuuzwa. Mchoro wa hisa kama hiyo ni mstari ulionyooka, na anayedai kuusoma anajisomea mawazo yake. Tena wapo wanaokusanyana katika simu wakaisifu hisa ili wengine waipandishe bei nao wauze. Huo ni najshi, na Mtume (s.a.w.) ameukataza.

Ama ile biashara ya sarafu iitwayo foreksi, ambayo ndiyo iliyoponza mpunga wetu, ni jambo jingine kabisa. Kijana huweka dola kumi, akakopeshwa mara mia ili acheze na elfu moja, na sarafu hazipokelewi mkono kwa mkono kama sharia inavyotaka. Baraza la Fiqhi la Rabita mjini Makka liliharamisha biashara ya namna hiyo ya mkopo wa dalali mwaka 2006.

Zaka nayo isisahauliwe. Aliyenunua hisa ili aziuze bei ikipanda, hizo ni bidhaa za biashara. Azithaminishe kwa bei ya soko mwaka unapotimia, na zikifika nisabu atoe asilimia 2.5. Aliyenunua kwa ajili ya gawio azitazame hesabu za kampuni atoe kwa mali zake zinazotolewa zaka, na asipoweza kuzijua, atoe asilimia 2.5 ya gawio lililomkalia mwaka.

Wale vijana tumezungumza nao, na Ifakara wametoa taarifa polisi. Deni la mpunga wa mama linabaki shingoni mwa mwana, hata kama naye aliibiwa, na tumeafikiana alilipe kwa magunia msimu ujao. Waliobaki na hamu ya kujifunza, Jumamosi ya kwanza ya mwezi tutafungua hapa hesabu za kampuni mojawapo ya saruji, ukurasa kwa ukurasa. Kila mtu aje na kalamu na daftari. Fedha aziache nyumbani.

Wallahu a'alam.