Kipindupindu Hakingoji Daktari
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi)



Leo hatukuja kusema habari za mishahara, ingawa mtaona tutafika huko huko. Twataka kusema juu ya kipindupindu. Wengi wenu mwakumbuka Oktoba 2022, kilipoanzia Kiambu kikaenea kaunti nyingi mpaka mwaka uliofuata.

Mtu aliyeshikwa vikali aweza kufa kwa saa chache tu, kwa kuwa maji yamemwishia mwilini. Hospitali kubwa iko mbali, na usiku wa manane matatu hakuna. Wa kumwokoa ni jirani anayejua kazi: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe. Mgonjwa anywe kidogo kidogo huku akipelekwa zahanati. Chumvi isizidi, tafadhali.

Jirani wa namna hiyo siku hizi ana cheo, mhudumu wa afya ya jamii. Mnamo Septemba 2023 Serikali iliwapa wahudumu 100,000 mikoba ya kazi. Mmoja hutazama nyumba kama mia, na ndiye wa kwanza kujua ni mlango gani umeanza kuharisha. Hulipwa posho ya Sh. 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali Kuu, nusu kutoka kaunti, na kuna kaunti zilizoichelewesha. Sisi watu wa chama twauliza: kazi hii itaitwa ya kujitolea mpaka lini?

Tena kuna jambo la kwetu wenyewe. Kibarua ameharisha tangu alfajiri, lakini afunga mkanda aende kazini, maana siku akikosa hana chakula. Huko achota maji kwa kikombe kimoja na wenzake. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi, baada ya miezi miwili mfululizo, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Kibarua wa kutwa yeye hufukuzwa langoni. Basi huficha ugonjwa, na mhudumu hapati habari mpaka wameugua kumi.

Kwa hivyo kila mwakilishi kazini alete mambo mawili mkutano ujao: jina la mhudumu wa mtaani kwake, na kama mwezi uliopita alilipwa. Karani atayaandika yote, nasi tutayapeleka kaunti.