Koo la Mtoto na Milango ya Moyo

Jioni hii twapenda kusema nanyi habari za moyo, nasi twaanza na kosa letu wenyewe.

Tulikuwa na mwanafunzi mmoja, mwenye akili na adabu, ambaye alianza kurudi nyuma katika michezo. Akikimbia kidogo, huketi chini akitweta. Tulimwita mvivu, tukamwadhibu kwa kumzungusha uwanja. Hata alipopelekwa hospitali, daktari alisikiliza kifua chake, akamwuliza mama: "Je, mtoto huyu aliwahi kuugua koo, kisha viungo vikamvimba?" Mama akajibu kwamba ndivyo ilivyokuwa miaka miwili nyuma, naye alidhani ni maumivu ya kukua tu. Hapo ndipo tulipojua ya kuwa uvivu haukuwamo. Moyo ndio uliokuwa umeharibika. Mtoto yule hakurudi darasani tena.

Moyo ni nini? Ni kama bomba la kusukumia maji, nao ukubwa wake ni kiasi cha ngumi ya mwenyewe. Katika mwaka 1628 daktari Mwingereza, William Harvey, alionyesha katika kitabu chake ya kuwa damu hutoka moyoni, huzunguka mwilini, kisha hurudi moyoni. Ndani mna milango minne midogo, nayo hufunguka upande mmoja tu, ili damu isirudi ilikotoka. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kama mara 70 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 100,000 kwa mchana na usiku.

Basi, koo lahusianaje na milango hiyo? Wako vijidudu wanaoingia kooni na kuleta mafindofindo, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, na hasa katika nyumba ambamo watu wengi hulala pamoja. Mwili hutuma askari wake kupigana nao. Lakini kwa watoto wengine, baada ya majuma mawili au matatu, askari hao hukosea adui, wakaushambulia mwili wenyewe. Viungo huvimba, leo goti, kesho kiwiko, homa hupanda. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona, lakini milango ya moyo huweza kubaki na makovu. Kila homa hiyo irudipo, makovu huongezeka, hata milango isifunge wala kufunguka sawasawa.

Je, hakuna la kufanya? Lipo. Huko Gulu, kaskazini ya Uganda, madaktari walipima mioyo ya watoto zaidi ya 100,000 kwa chombo kinachopiga picha kwa mawimbi ya sauti. Wakapata watoto 818 ambao ugonjwa umeanza kimya kimya, nao wakakubaliwa kuingia katika utafiti. Nusu yao walichomwa sindano ya penisilini kila majuma manne kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Matokeo yalipochapishwa, mwaka 2021, ilionekana kwamba katika waliochomwa, ugonjwa ulizidi kwa watoto 3 tu. Katika wale wengine, ulizidi kwa watoto 33.

Kwa hiyo, wazazi na waalimu wenzetu, yatupasa kushika mambo haya. Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, apelekwe zahanati. Si kila koo lahitaji penisilini, bali mganga ndiye atakayepambanua. Akipewa dawa, azimalize zote, hata kama koo limepoa siku ya pili. Viungo vikivimba kwa zamu, au mtoto akitweta bila sababu, msingoje. Na yule aliyekwisha amriwa sindano za kila mwezi asikose hata moja, maana hujiona mzima, kumbe sindano ndizo zinazomlinda. Msichana mwenye ugonjwa huu, atakapokuwa mke na kutaka kuzaa, amwambie daktari mapema, kwa sababu mimba huuongezea moyo kazi.

Nanyi wanafunzi mnaotusikiliza, mwenzenu akibaki nyuma katika mbio, msimcheke. Mwambieni mwalimu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa moyo huu huanzia kooni.