Fundi Aachapo Mshahara wa Duka



Mji wa Jinja umezoea kazi ya mshahara. Tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 na viwanda vikazidi kujengwa, mwisho wa mwezi ndio uliokuwa saa ya mji. Basi kijana aachapo kazi kwa hiari yake huulizwa nyumbani kama ameiba.

Kijana anayezungumzwa hapa ni fundi wa duka la simu na kompyuta, yule akaaye meza ya nyuma, ambaye kifaa kikigoma hupelekewa yeye. Wapo Jinja, na Mbale wapo. Kazi yake ina faida, kwani kila siku huona makosa ya watu wengi, na makosa ya watu ni darasa kubwa. Lakini ina kasoro moja, nayo aghalabu ndiyo imwondoayo. Duka laishi kwa kuuza. Mama aletapo kompyuta iendayo polepole, fundi ajua ya kuwa kubadilisha diski kungetosha; mwenye duka ataka mama auziwe mpya. Fundi ana ulimi mmoja na mabwana wawili.

Mshauri wa kujitegemea hana cha kuuza ila maarifa yake. Hapo ndipo ilipo heshima yake, na hapo ndipo ilipo njaa yake. Mteja hulipa bei ya betri bila kinyongo, kwa sababu aishika mkononi. Akitakiwa kulipa kwa kukaguliwa vifaa vyake saa mbili, kisha akashauriwa asinunue kitu, huona ameibiwa. Jamaa nao hawalipi kabisa. Na Januari 2021, intaneti ilipokatwa nchini Uganda siku za uchaguzi, aliyeajiriwa alingoja mshahara wake; aliyejitegemea alizihesabu siku hizo kwa hasara.

Hata hivyo kazi ipo. Tangu mwaka huo wa 2021, wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani wametakiwa kutoa stakabadhi kwa mtambo wa EFRIS wa Mamlaka ya Mapato. Na Aprili 2024 wenye maduka wa Kampala walifunga milango, mtambo huo ukiwa miongoni mwa malalamiko yao. Mwenye duka wa Mbale asiyepatana nao hahitaji kompyuta nyingine. Ahitaji mtu wa kukaa kando ya karani wake siku mbili, amwonyeshe pasipo kumcheka. Kwa ajili hiyo fundi wa Jinja aweza kupanda gari alfajiri, akapita Iganga na Tirinyi, akafika mapema.

Hatari iliyo kubwa si njaa, ni bahasha. Madrasa yamwomba mshauri aichagulie kompyuta kumi, na muuzaji amwahidi kitu kidogo kwa kila moja. Akikipokea kwa siri, amerudi meza ile ile ya nyuma, ila sasa walimu hawamwoni bwana wake wa pili. Hapana budi akikatae, au akitaje mbele ya kamati, bei ipunguzwe kwa kadiri hiyo.

Kadhalika daftari la wateja. Wako wanaonakili namba zote usiku wa mwisho, kwa hoja ya kwamba wao ndio waliowahudumia watu hao. Namba hizo walipewa waliokuwa wakilifanyia duka kazi, na Uganda ina sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu. Mteja akimfuata mwenyewe, hiyo ni riziki.

Liko na jambo la maandishi. Aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, yahusu kuandikiana deni, nayo husomwa sana na kufuatwa kidogo. Fundi na aandike karatasi moja: kazi gani, siku ngapi, shilingi ngapi, na nusu itangulie. Hata kwa shemeji, na kwa shemeji zaidi.

Na siku apitapo tena penye duka lake la zamani, aingie kwa mlango wa mbele, amwamkie mwenyewe. Huenda mteja wake wa kwanza akatumwa kutoka humo.