Kinga Haimo Chupani: Jinsi Chanjo za Mifugo Zinavyofanya Kazi, na Pale Zinaposhindwa

Utangulizi

Kuna lalamiko ambalo karibu kila ofisa mifugo wa kata ameshalisikia. Mfugaji amechanja kuku wake, amelipa, na siku chache baadaye banda zima limekwisha. Majirani wakisikia, nao wanaikataa chanjo. Lawama huiangukia dawa: ni feki, imepitwa na wakati, au ndiyo iliyoleta ugonjwa wenyewe.

Baadhi ya lawama hizo zina ukweli. Nyingi, hata hivyo, zinatokana na dhana kwamba kinga imo ndani ya chupa, na kwamba mchanjaji huitoa humo akaiingiza kwa mnyama, kazi ikaishia hapo. Mada hii inashikilia kinyume chake. Kilichomo chupani ni kichochezi tu. Kinga yenyewe hutengenezwa na mwili wa mnyama, kwa muda wake na kwa masharti yake. Anayelielewa hilo ataona kwa nini chanjo nzuri hushindwa, na kwa nini historia ya chanjo Afrika Mashariki ni ya maabara na ya watu waliobeba visanduku vya barafu kwa miguu vilevile.

Kazi inayofanyika ndani ya mwili

Kirusi au bakteria wa chanjo, akiwa amedhoofishwa au ameuawa, anapoingia mwilini kwa mara ya kwanza, baadhi ya seli nyeupe za damu humkamata, humkatakata na kuvipeleka vipande vyake kwenye mitoki. Huko hukutana na mamilioni ya seli nyingine, na chache kati yake zina umbo linaloshikana na vipande hivyo. Hizo chache ndizo zinazoanza kuzaana kwa kasi. Zipo zinazotoa kingamwili, yaani protini zinazomnasa kirusi kabla hajaingia kwenye seli. Zipo zinazoua seli za mwili ambazo tayari zimevamiwa. Na zipo zinazobaki baada ya pilikapilika kwisha, zikihifadhi kumbukumbu ya adui huyo kwa miezi au miaka. Ugonjwa wa kweli ukija, mnyama haanzi upya.

Kazi hii yote inataka muda. Louis Pasteur alilionyesha jambo hilo hadharani mwaka 1881 katika shamba la Pouilly-le-Fort nchini Ufaransa. Aliwachanja kondoo dhidi ya kimeta tarehe 5 Mei, akarudia tarehe 17, kisha akasubiri hadi tarehe 31 ndipo akawadunga bakteria wakali, wao pamoja na kondoo wengine ambao hawakuchanjwa. Tarehe 2 Juni watu walipokusanyika kutazama, kundi lisilochanjwa lilikuwa limekufa au linakata roho, na lililochanjwa lilikuwa limesimama. Zile wiki mbili za kusubiri zilikuwa sehemu ya chanjo sawa na sindano yenyewe. Mfugaji anayekimbilia chanjo baada ya kuku wa jirani kuanza kufa amezikosa. Baadhi ya kuku wake tayari wana ugonjwa ndani yao siku wanapochanjwa, na watakufa kabla miili yao haijamaliza kazi. Anachokiona yeye ni kwamba chanjo imewaua.

Sharti la pili ni umri. Ndama huzaliwa akiwa karibu hana kingamwili, kwa sababu kondo la ng'ombe haliziruhusu kupita. Huzipata kwa kunyonya dang'a katika saa za kwanza za maisha yake, wakati utumbo wake bado unaweza kuzipitisha hadi kwenye damu. Kifaranga huzipata kupitia kiini cha yai. Zawadi hiyo ya mama ina upande wa pili: kingamwili zilezile zinazomlinda mtoto zinaweza kuinasa chanjo hai na kuizima kabla haijamfundisha chochote. Ndiyo maana watoto wa mbwa hurudiwa chanjo mara kadhaa, na ndama aliyechanjwa mapema mno huenda akahitaji kuchanjwa tena.

Sharti la tatu ni hali ya mnyama. Ng'ombe aliyekonda kwa ukame, aliyejaa minyoo au anayeumwa ugonjwa mwingine hana nguvu ya kujenga kinga ya kutosha, hata kama chanjo haikuwa na kasoro yoyote.

Chanjo si kitu kimoja

Wafugaji huuliza kwa nini chanjo moja hudumu maisha yote na nyingine hurudiwa kila nusu mwaka. Jibu liko kwa adui mwenyewe. Kirusi cha sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ambao sasa umetokomezwa, kilikuwa na sura moja tu machoni pa kinga ya mwili, kwa hiyo ng'ombe aliyekifahamu mara moja alikuwa salama popote. Ugonjwa wa miguu na midomo una kirusi chenye makundi makuu saba, na kinga dhidi ya kundi moja haimlindi mnyama na lingine. Zaidi ya hapo, chanjo yake hutengenezwa kwa virusi vilivyouawa, ambavyo haviwezi kuzaana mwilini, hivyo kumbukumbu inayobaki ni fupi. Chanjo hiyo ikiletwa wilayani bila kujua ni kundi gani linalozunguka huko, watu wanaweza kuchanja kwa bidii wasipate kitu.

Chanjo ya ndigana kali ni ya namna ya peke yake. Ugonjwa huu huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Huingia ndani ya seli nyeupe zenyewe na kuzilazimisha zizaane ovyo. Mitoki huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji, na ndama hufa akihangaika kupumua. Watafiti wa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, walibuni njia ya ujasiri: kumwambukiza ng'ombe kwa makusudi kwa vijidudu hai vilivyotolewa kwenye kupe, na papo hapo kumdunga dawa ya oksitetrasaiklini ya muda mrefu. Dawa huuzuia ugonjwa usimzidi nguvu, na mwili hupata nafasi ya kujifunza. Kwa kuwa vijidudu vya ndigana hutofautiana, mchanganyiko uliochaguliwa una aina tatu, ikiwemo moja iliyotoka Serengeti.

Mahali panapochanjwa ndigana, mtu anaona wazi jinsi masharti yanavyobana. Chanjo hufika ikiwa ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, wenye baridi ya chini ya nyuzi 190 chini ya sifuri. Mrija mmoja wa chanjo ukitolewa na kuyeyushwa, haurudi tena mtungini; kwa hiyo ng'ombe wa kutosha wawe wameshafika, wamefungiwa kwenye kibanio, na kila mmoja amekadiriwa uzito, kwa sababu kiasi cha dawa hufuata kilo. Sindano moja ya chanjo, nyingine ya dawa, kisha hereni ya alama sikioni. Gharama yake kwa kila ng'ombe ni kubwa kuliko ya chanjo nyingi. Hata hivyo wafugaji wa Kimasai kaskazini mwa Tanzania wameilipia kwa mifuko yao, na mnadani ng'ombe mwenye hereni hiyo hupata bei nzuri zaidi. Hakuna aliyewalazimisha. Waliona ndama wao wakibaki hai.

Mdondo: tone moja jichoni

Kwa kaya nyingi za vijijini, hasa kwa akina mama, kuku ndio benki ya karibu: ada ya shule, nauli ya hospitali, kitoweo cha mgeni. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kufagia karibu kundi zima kwa wiki moja. Kuku huzubaa, hupumua kwa shida, huharisha kinyesi cha kijani, na wengine hupinda shingo kabla ya kufa.

Chanjo za mdondo zilikuwepo kwa miaka mingi, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya mashamba makubwa. Chupa moja ilikuwa na dozi za kuku mamia, ilihitaji jokofu mfululizo, na mara nyingi ilitolewa kwenye maji ya kunywa. Mama mwenye kuku 12 wanaolala juu ya mti afanye nini na chupa hiyo? Na maji yenyewe ni mtego: klorini ya maji ya bomba huua kirusi cha chanjo. Ndiyo sababu wataalamu hushauri kutumia maji yasiyo na dawa au kuyachanganya kwanza na maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, kuwanyima kuku maji kwa saa moja au mbili ili wawe na kiu, kisha chanjo imalizike ndani ya saa mbili.

Timu ya Peter Spradbrow katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ililitafutia tatizo hilo ufumbuzi. Walichagua kirusi cha mdondo kisichosababisha ugonjwa, wakakichuja hadi kupata kinachostahimili joto. Chanjo hiyo iliitwa I-2, na mbegu yake ilitolewa bure kwa nchi zilizotaka kuitengeneza zenyewe. Tanzania na Msumbiji ni miongoni mwa zilizofanya hivyo. Ikiwa imekaushwa vizuri na haikupigwa na jua, hubaki na nguvu kwa wiki kadhaa nje ya jokofu. Hutolewa kwa tone moja katika jicho moja, na kipimo ni kilekile kwa kifaranga na kwa jogoo. Mchanjaji humlaza kuku kwa upande, hudondosha tone, na hamwachii mpaka amelipepesa likasambaa. Tone likiruka chini, anarudia.

Kinga hiyo haidumu mwaka. Hurudiwa kila baada ya miezi minne hivi, na kalenda hupangwa ili angalau mzunguko mmoja utangulie msimu ambao mdondo hushika kasi eneo husika. Pale ambapo wachanjaji ni wanakijiji wenyewe, wanaolipwa kiasi kidogo kwa kila kuku, zoezi huendelea hata mradi ukiondoka. Pale ambapo chanjo ilikuja na gari la mradi, mara nyingi iliondoka na gari hilo.

Sotoka: pale chanjo nzuri peke yake haikutosha

Hakuna mfano unaothibitisha hoja ya mada hii vizuri kuliko sotoka. Ugonjwa huo uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kuteremka hadi kusini mwa bara, ukiua sehemu kubwa ya ng'ombe na kuwaacha Wamasai na jamii nyingine za wafugaji katika njaa kali. Mwishoni mwa miaka ya 1950, hukohuko Muguga, Walter Plowright na wenzake walikuza kirusi cha sotoka katika seli za figo za ndama, wakakihamisha kutoka kizazi hadi kizazi mara zipatazo 90, mpaka kikapoteza ukali wake bila kupoteza uwezo wa kufundisha kinga. Kilikuwa salama kwa ndama na kwa ng'ombe wenye mimba, na sindano moja ilitosha maisha yote.

Kwa chanjo hiyo ilianzishwa kampeni kubwa ya nchi za Afrika mwaka 1962, na ifikapo 1976 sotoka ilikuwa imetoweka karibu kila mahali. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Fedha zilipungua, uchanjaji ulilegea, na maeneo machache ya mbali yaliyokuwa hayajafikiwa yakawa chimbuko la mlipuko mpya wa miaka ya 1980. Chanjo ilikuwa ileile. Kilichokosekana kilikuwa njia ya kuifikisha sehemu zisizo na barabara wala jokofu, na zenye vita.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jeffrey Mariner na wenzake waliboresha ukaushaji wa chanjo ya Plowright hadi ikaweza kutumika kwa takriban mwezi mmoja bila ubaridi. Kisha ikakabidhiwa kwa wafugaji wenyewe. Katika nchi ya Waafar huko Ethiopia na kusini mwa Sudan, vijana waliochaguliwa na wazee wao walifundishwa kuchanja na wakaifuata mifugo malishoni. Kisa cha mwisho kuthibitishwa kilikuwa cha nyati katika Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru dhidi ya sotoka.

Kabla ya tangazo hilo ilibidi uchanjaji usimamishwe. Kipimo cha damu hakikuweza kutofautisha kingamwili za chanjo na zile za ugonjwa; njia pekee ya kujua kwamba kirusi hakipo ilikuwa kupima wanyama wachanga waliozaliwa baada ya chanjo kukoma, na kukuta hawana kitu.

Mapendekezo

Sotoka ya mbuzi na kondoo, ndugu wa karibu wa ile ya ng'ombe, imelengwa kutokomezwa ifikapo 2030. Chanjo yake hulinda kwa miaka isiyopungua mitatu. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya ufikishaji, na mada hii inapendekeza hatua nne.

Kwanza, halmashauri zichanje kwa kalenda badala ya kungoja mlipuko, na tarehe zitangazwe mapema minadani, misikitini na makanisani.

Pili, wachanjaji wa vijiji watambuliwe rasmi, wafundishwe na wasimamiwe na daktari wa mifugo wa wilaya, na walipwe kwa kila mnyama waliyemchanja.

Tatu, kila chupa iwe na rekodi ya safari yake: ilitoka lini, ilikaa wapi, nani aliichanganya na saa ngapi. Mifugo iliyochanjwa ikifa, rekodi hiyo ndiyo itakayoonyesha kosa lilipotokea.

Nne, mfugaji aambiwe kabla ya sindano kwamba kinga itachukua wiki mbili au tatu, kwamba mnyama ambaye tayari ameambukizwa anaweza kufa, na ni lini chanjo itarudiwa. Mazungumzo hayo ya dakika tano yafanywe kuwa sehemu ya zoezi, na yaandikwe kwenye mwongozo wa mchanjaji pamoja na kipimo cha dawa.